Kutafuta Chanzo cha Joto Katika Volkswagen Isiyo na Rejeta

Wamiliki wengi wa Volkswagen Beetle za zamani wameambiwa, na wengine wameamini, kwamba injini inayopozwa kwa hewa haifai nchi za joto, na kwamba gari hilo likianza kuchemsha mlimani hakuna la kufanya ila kulivumilia au kuliuza. Ninaandika kupinga maoni hayo. Nimelitumia gari la aina hiyo kwa miaka mingi hapa Tanga, ambako jua la mwezi wa pili ni kali na chumvi ya bahari hula chuma, na nimejionea kwamba injini hiyo, ikiwa na vipande vyake vyote kama ilivyotoka kiwandani, huipanda milima ya Usambara bila taabu. Historia nayo inashuhudia. Mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yaliyoanza mwaka 1953, ambayo baadaye yalijulikana kama Safari Rally, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika vumbi, tope na joto, na Volkswagen zenye injini ya namna hii zilishinda mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962. Kwa hiyo gari kama hilo linapochemsha leo, jambo la kutafuta ni kitu gani kimeondolewa, kimeziba au kimelegea.

Gari langu ni la mwaka 1969, lina injini iliyo nyuma inayoitwa 1300, kwa ukubwa wake wa karibu sentimita za ujazo 1,300, na silinda zake nne zimelala, mbili kila upande. Halina maji, halina rejeta, wala halina mshale wa kuonyesha joto kwenye dashibodi. Feni yake imefungwa kwenye mhimili wa dinamo, na vyote viwili huzungushwa na mkanda mmoja unaotoka kwenye puli ya krenki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, kwa kasi karibu mara mbili ya krenki yenyewe. Hewa huingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma, huvutwa na feni ndani ya kava lake kubwa la bati, husukumwa chini kupita kwenye mapezi ya silinda na ya hedi, yaani vichwa vinavyofunika silinda, kisha hutoka chini ya gari ikiwa imebeba joto. Anayeuelewa mpango huu ataona kwamba chumba cha injini kimegawanywa sehemu mbili: juu kuna hewa baridi inayoingia, chini kuna hewa ya moto inayotoka pamoja na joto la ekzosti. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili ni mabati membamba yanayoizunguka injini na ukanda wa raba unaoziba nafasi kati ya mabati hayo na bodi ya gari. Mpaka huo ukivunjika, feni huanza kuvuta hewa ileile iliyotoka chini ikiwa ya moto na kuirudisha juu ya silinda, na hapo hata mkanda mpya na oili ya bei ghali havisaidii.

Tatizo langu lilianza kuonekana katika barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto. Barabara ile ina kilomita zaidi ya 30, nayo hupanda kwa kona nyingi kandokando ya bonde, kupitia Soni, hadi kwenye kimo cha mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Gari lililokuwa likipanda kwa gia ya tatu bila manung'uniko lilianza kudai gia ya pili, na nilipokanyaga mafuta nikasikia mlio mkavu wa kugongagonga ndani ya silinda. Harufu ya oili iliyoungua ikaingia ndani ya gari. Nilipofika sehemu tambarare na kuiacha injini itembee polepole, taa ya oili ilianza kumetameta, na nilipozima swichi injini iliendelea kujiendesha kwa mitetemo michache kabla ya kunyamaza. Dalili hizo zote zikikutana kwa wakati mmoja, mtu hana budi kuamini kwamba joto limepita kiasi.

Nilipokuwa nimesimama, vijana wawili waliokuwa wakiuza matunda kando ya barabara walikuja mbio na ndoo ya maji. Nia yao ilikuwa njema kabisa, kwa maana kila gari linalochemsha katika mlima ule husaidiwa kwa maji. Niliwashukuru na kuwaomba wasimwage. Hedi za injini hii ni za aluminiamu na silinda zake ni za chuma cha kalibu, na maji baridi yakimwagwa juu ya hedi iliyo moto sana yanaweza kuipinda au kuipasua, hasa katika ile sehemu nyembamba kati ya tundu la plagi na viti vya valvu, ambayo ndiyo hupasuka kwanza. Ninalitaja hili mapema kwa sababu msaada wa haraka namna ile unaweza kuharibu zaidi ya joto lenyewe. Gari la aina hii likichemsha, liegeshwe kivulini, lielekezwe upepo unakotoka ikiwezekana, na liachwe lipoe lenyewe.

Niliporudi bondeni nilipita Korogwe kwa fundi mmoja mzee, ambaye amezishughulikia Volkswagen tangu ujana wake. Nilimwamkia, nikamweleza safari nzima, na nikamwambia kuwa nadhani kipoza oili kimekufa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, umepima au umehisi?" Nikamjibu kwamba sijapima. Akasema, "Basi tupime kwanza. Gari hili halina mshale, na asiyepima atabadilisha vifaa vizuri na kuacha kibovu." Hakikuguswa kitu siku ile hadi tulipokuwa na vipimo.

Kupima joto katika injini hii si kazi kubwa. Kuna kipimajoto kilichotengenezwa kwa umbo la kijiti cha kupimia oili, ambacho huchomekwa mahali pa kijiti cha kawaida, na siku hizi kuna vipimajoto vya miale ambavyo mtu huvielekeza kwenye kitu na kusoma nyuzi bila kukigusa. Oili ya injini iliyopata joto la kazi huwa kati ya nyuzijoto 80 na 110. Ikipita 120, inakuwa nyepesi mno kulinda beringi na ni wajibu wa dereva kusimama. Njia ya kugusa kijiti cha oili kwa vidole, ambayo wazee wengi wanaitumia, humwonya dereva kwamba kuna moto, lakini haimwambii kama ni nyuzi 100 au 130, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua uhai wa injini. Katika gari langu oili ilipita 120 baada ya mwendo wa kawaida tu kwenye barabara kuu ya Segera, ambako hakuna mlima wa kusingizia.

Kabla ya hapo, fundi alihakikisha kwamba dalili hazikutoka mahali pengine. Taa ya oili inaweza kumetameta kwa sababu swichi yake imechoka au waya wake unagusa bati, kwa hiyo alifunga geji ya kupima msukumo wa oili na kuthibitisha kuwa kweli msukumo unashuka oili inapokuwa moto. Gari linalozimika likiwa na joto na kukataa kuwaka hadi lipoe linaweza kuwa na tatizo la petroli kugeuka mvuke katika bomba lililo karibu na injini, au koili inayopoteza nguvu ikipata moto. Hayo mawili hutofautishwa kwa urahisi: injini ikiwa imekataa kuwaka, chomoa waya wa plagi uone kama cheche ipo, kisha tazama kama petroli inafika kwenye kabureta. Nimewajua watu walionunua kipoza oili kipya kwa ajili ya ugonjwa wa koili.

Baada ya kuthibitisha kwamba joto ni la kweli, tuliifuata njia ya hewa tangu inapoingia hadi inapotoka. Mkanda ulikuja kwanza kwa sababu ndio rahisi kuliko vyote. Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati, unapaswa kuzama kama milimita 15. Ukilegea, huteleza injini inapozunguka kwa kasi, na feni hupunguza hewa wakati uleule inapohitajika zaidi. Ukikazwa mno, huua beringi za dinamo. Puli ya dinamo ina nusu mbili zenye vishimu, yaani vibati vyembamba vya duara, kati yake, na mkanda hukazwa kwa kuondoa kishimu kimoja kutoka kati na kukiweka nje chini ya nati, ambako kinahifadhiwa hadi siku mkanda mpya utakapofungwa. Mkanda wangu ulikuwa mzima. Ninaongeza hapa neno kwa wale wanaoendesha magari haya: taa nyekundu ya dinamo ikiwaka ghafla katikati ya safari, zima injini mara moja. Katika magari mengine taa hiyo humaanisha betri haipati chaji na mtu anaweza kufika nyumbani. Katika hili huenda mkanda umekatika, na feni haizunguki tena.

Kisha fundi alikata kipande cha karatasi nyepesi, akakifunga kwenye ncha ya fimbo ndefu, akaniambia niwashe injini. Akaipitisha karatasi ile polepole kuzunguka kingo za chumba cha injini, mbali na mkanda, pale raba inapokutana na bati. Mahali palipoziba vizuri karatasi ilitulia. Katika upande wa kushoto na nyuma karibu na puli, ilipepea na kuinama kuelekea juu, maana yake hewa ilikuwa ikipanda kutoka chini. Tukapima joto la hewa kwenye mdomo wa feni, tukalilinganisha na hewa ya nje kivulini, na tukakuta feni ilikuwa inavuta hewa yenye joto lililozidi la nje kwa nyuzi nyingi mno. Hewa ya kupoza ilikuwa imekwisha kupata moto kabla ya kuifikia silinda hata moja. Kipimo hiki cha hewa inayoingia kwenye feni ningependa kila mmiliki akijue, kwa kuwa hakihitaji kufungua boliti yoyote, na kinaonyesha waziwazi kama kosa liko kwenye mpaka wa juu na chini au liko ndani ya injini.

Chanzo kilionekana tulipochunguza kwa taa. Gari lilikuwa limepakwa rangi upya katika gereji moja, na wakati wa kutoa injini ili bodi ipulizwe vizuri, ukanda wa raba ulikuwa umetolewa na haukurudishwa. Vilevile raba ndogo zinazozunguka nyaya za plagi pale zinapopenya bati hazikuwapo, na mirija miwili ya karatasi nene inayotoka kwenye kava la feni kwenda kwenye vibadilisha joto vya hita ilikuwa imetupwa, kwa hoja kwamba Tanga hakuna anayehitaji hita. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na inasikika kuwa ya busara. Lakini mirija ile ikiondolewa na matundu yake yakaachwa wazi, sehemu ya hewa ya feni hutoka kupitia hapo badala ya kushuka kwenye silinda. Asiyetaka hita na azibe matundu hayo kwa vifuniko vya bati vinavyobana. Akiyaacha wazi, anaiibia injini yake hewa kila inapozunguka.

Injini iliposhushwa tulikuta mengine mawili. Chini ya silinda, kila upande, panapaswa kuwa na bati la kuelekeza hewa, ambalo huikumbatisha hewa kwenye mapezi ya chini ya silinda kabla haijatoka. Upande mmoja bati hilo halikuwapo kabisa, na inaelekea liliachwa katika matengenezo ya zamani kwa kuonekana kama kipande kisicho na kazi. La pili lilikuwa kipoza oili. Katika injini za miaka hiyo, kipoza husimama ndani ya kava la feni upande wa kushoto, juu ya silinda namba 3, na hewa inayokwenda kwenye silinda hiyo hupita kwanza kwenye kipoza na kupata joto. Mapezi ya kipoza changu yalikuwa yamefunikwa na vumbi lililoshikamana na oili iliyovuja, na juu yake palikuwa na majani makavu na manyoya, mabaki ya kiota cha panya waliohamia gari liliposimama msimu wa mvua. Hewa ilipita kwa shida sana. Kwa hiyo oili ilikosa kupoa, na silinda namba 3 ikakosa hewa.

Silinda hiyo inastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu ndiyo inayoungua valvu ya ekzosti kabla ya nyingine katika magari mengi ya aina hii. Kiwanda chenyewe kililijua jambo hili. Katika distributa nyingi za zamani, yaani vifaa vinavyogawa umeme wa cheche kwa plagi, cheche ya namba 3 ilicheleweshwa kidogo kuliko za wenzake ili kuipunguzia joto, na kuanzia modeli za mwaka 1971 kipoza kilihamishwa nje ya njia ya hewa ya silinda, kikajengewa kibanda chake cha bati chenye njia yake ya hewa, na feni ikapanuliwa. Wapo wanaofunga kava la aina hiyo mpya kwenye injini za zamani, na ninaona ni uamuzi mzuri kwa anayepata vipande vyote pamoja, pamoja na feni yake. Anayefunga nusu ya vipande hujitengenezea mianya mipya, na kwa maoni yangu ni afadhali abaki na mfumo wa zamani ulio safi na kamili.

Kuna suala la themostati, ambalo huzua ubishi katika kila gereji. Ni kopo dogo lenye mikunjo lililo chini ya silinda za upande wa kulia. Likipata joto la nyuzi 65 hadi 70 hurefuka na kufungua vibao vilivyo ndani ya kava la feni, ili hewa yote ipite. Mafundi wengi wa pwani huliondoa pamoja na vibao vyake wakisema nchi yetu ni ya joto. Mimi nimevibakiza vyote. Vibao vile, vikiwa wazi, husaidia pia kuigawa na kuielekeza hewa kwenye silinda na kipoza, na themostati huiwezesha injini kufikia joto la kazi mapema, jambo linalopunguza kulika kwa silinda. Hatari ya kweli kwetu watu wa pwani ni kutu: vijiti vya vibao hushika, vibao hubaki vimefungwa, na injini huchemka hata kama themostati ni nzima. Kopo hujaribiwa kwa kulitumbukiza katika maji ya moto uone likirefuka, na vibao hujaribiwa kwa mkono. Vinapaswa kufunguka na kurudi kwa wepesi. Vyangu vilikuwa vizito. Tulivisafisha na kuvipaka mafuta.

Tulipomaliza njia ya hewa, fundi hakukubali kurudisha injini barabarani kabla ya kukagua mambo yanayozalisha joto jingi kuliko inavyopaswa. Nilidhani kazi imekwisha, lakini sababu yake ilikuwa nzito: injini iliyofanya kazi katika joto kali kwa miezi huwa imeharibu mipangilio yake, na mipangilio iliyoharibika huongeza joto.

Taimingi, yaani wakati ambao cheche hutolewa, ndiyo iliyochukua muda. Injini yangu, kama nyingi za 1300 na 1500 za miaka hiyo, huwekwa nyuzi 7.5 za mzunguko wa krenki kabla ya pistoni kufika juu kabisa, ikiwa imesimama. Kazi hiyo hufanywa kwa balbu ndogo yenye nyaya mbili: mmoja kwenye ncha ya koili inayokwenda kwenye distributa, mwingine kwenye bodi. Swichi ikiwa imewashwa na alama ya puli ikiwa imelingana na mshono wa injini, distributa huzungushwa taratibu hadi balbu iwake, yaani pale pointi, vile vigusio viwili vya umeme ndani ya distributa, zinapoachana. Cheche ikiwahi mno, mchanganyiko hulipuka vibaya na kutoa ule mlio mkavu niliousikia mlimani. Ikichelewa mno, moto huwa bado unawaka valvu ya ekzosti inapofunguka, na hedi hupokea joto ambalo lilipaswa kusukuma pistoni. Watu wengi hawafahamu kwamba taimingi hubadilika bila distributa kuguswa. Nafasi ya pointi, ambayo huwa milimita 0.4, hupungua kadiri kile kisigino kinachosugua kamu kinavyolika, na kila inapopungua cheche huchelewa zaidi. Kwa hiyo gari huongeza joto kidogokidogo kwa muda mrefu, bila siku moja ambayo dereva anaweza kusema kwamba ndiyo tatizo lilianza.

Plagi nazo zilitupa habari. Plagi ya injini inayopata petroli ya kutosha huwa na rangi ya kahawia iliyofifia kwenye kauri yake. Ikiwa nyeupe, silinda inachoma mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo, na mchanganyiko huo huwaka kwa joto kali. Zote nne zikiwa nyeupe, tazama kabureta: jeti ndogo mno, jeti iliyoziba kwa uchafu wa tangi, au mhimili wa kabureta uliolika ukaruhusu hewa. Mbili za upande mmoja zikiwa nyeupe na mbili nyingine zina rangi nzuri, tazama gasketi ya manifodi, yaani bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda, upande ule. Kwangu zilikuwa nyeupe namba 3 na 4, za upande wa kushoto. Tulipulizia kisafishio cha kabureta kwenye kiungio cha manifodi injini ikiwa imepoa na inatembea polepole, na mlio ukabadilika palepale, ishara kwamba hewa ilikuwa inaingia hapo. Gasketi ya bei ndogo kabisa.

Valvu zilirekebishwa asubuhi iliyofuata, kwa sababu injini hii hupimwa ikiwa baridi kabisa, baada ya kulala. Vitabu vya miaka hiyo hutaja nafasi ya milimita 0.10 kwa injini kama yangu, na mafundi wengi siku hizi huweka 0.15, kwa kuwa tapeti inayolia kidogo haina madhara, ilhali valvu iliyobanwa haikai vizuri kwenye kiti chake, haipati mahali pa kupeleka joto lake, na huungua. Kuna namna nzuri ya kuzifuata silinda kwa mpangilio wa namba zake: mlipuko wa injini hii huenda 1, 4, 3, 2, kwa hiyo mtu akiizungusha puli kinyume, nusu duara kila mara, hufika 1, 2, 3, 4. Valvu ya ekzosti ya namba 3 tuliikuta haina nafasi kabisa.

Oili nayo ni sehemu ya upoozaji katika injini hii, na watu huisahau kwa kuwa wanadhani kazi yake ni kulainisha tu. Injini hubeba lita 2.5, kiasi kidogo sana, na haina filta ya karatasi bali chujio la waya, kwa hiyo oili ibadilishwe mapema na chujio lisafishwe kila mara. Mtu asizidishe kipimo akifikiri oili nyingi italeta ubaridi. Ikizidi hupigwapigwa na krenki, hutoka povu na hutafuta pa kuvujia, na uvujaji huo ndio uliolisha vumbi la kipoza changu. Chini ya injini upande wa kushoto, karibu na puli, kuna skrubu kubwa inayoficha pistoni ndogo na springi. Pistoni hiyo hushuka oili ikiwa nzito na baridi, na kuiruhusu ikwepe kipoza. Oili ikipata joto, pistoni hupanda na kuilazimisha oili ipite humo. Pistoni ikikwama chini kwa uchafu, oili moto hukwepa kipoza siku zote, na msukumo wake hushuka. Yangu ilitoka kwa wepesi, lakini nimewahi kuona nyingine iliyokwama kiasi cha kuhitaji kuvutwa kwa koleo, na mwenye gari alikuwa amekwisha kununua pampu mpya.

Breki pia zilikaguliwa, kwa kuwa gari linaloburuta ngoma zake huilazimisha injini kufanya kazi ya ziada. Lilisukumika kwa mkono mmoja.

Baada ya raba mpya kuzunguka chumba chote, bati lililokosekana kupatikana kutoka kwenye injini iliyokufa, na kipoza kuoshwa kwa mafuta ya taa hadi mwanga ukaonekana kupita kati ya mapezi yake, nilirudi Mombo na kuupanda mlima tena mchana wa jua. Oili ilipanda hadi karibu na nyuzi 110 kabla ya Soni na ikabaki hapo hadi Lushoto. Mlio wa kugongagonga haukurudi, na taa ya oili haikumetameta nilipofika.

Namna ya kuendesha ilisaidia pia, na hapa ninatofautiana na madereva wengi. Mtu akihofia joto huondoa mguu kwenye mafuta na kung'ang'ania gia kubwa ili injini izunguke polepole. Katika gari hili kufanya hivyo kunaiongezea injini mzigo na kuipunguzia hewa, kwa sababu feni inazunguka kwa kasi ya injini. Mlimani ni bora kushuka gia mapema na kuiacha injini izunguke kwa uchangamfu, mguu ukiwa mwepesi. Ukifika juu, usizime papo hapo. Iache itembee kwa dakika mbili tatu ili feni iondoe joto lililobaki kwenye hedi, kwa maana injini ikizimwa feni nayo husimama. Wengine huliacha boneti la nyuma wazi kwa kijiti wakitumaini kuingiza upepo. Mimi silifanyi hilo, kwani hewa safi imepangiwa kuingia kupitia matundu ya chini ya kioo, na mlango ulio wazi nyuma hukaribisha vumbi la barabara na joto la ekzosti.

Jambo moja bado ninaliangalia. Ile valvu ya ekzosti ya namba 3 iliyokuwa imebanwa huenda ilirefuka kwa joto, na valvu iliyorefuka huendelea kurefuka hadi kichwa chake kikatike na kuanguka ndani ya silinda. Kwa sababu hiyo ninapima nafasi yake kila ninapobadilisha oili na kuandika kipimo katika daftari la gari. Hadi sasa nafasi haijasogea. Ikianza kupungua tena, nimeshakubaliana na fundi kwamba hatutairekebisha kwa mara nyingine: tutaishusha injini, tutafungua hedi ya kushoto, na valvu hiyo itabadilishwa pamoja na mrija unaoongoza shina lake.